Mwanafunzi wa Masafa wa Ng'ambo ya Barabara

Ipo nchi inaitwa Shangweni. Msihangaike kuitafuta kwenye ramani, kwa kuwa ramani yake ilishachapwa lakini inasubiri mgeni rasmi wa kuizindua, na huko kitu kisichozinduliwa hakijawa kitu. Ni nchi ya amani, yenye wananchi wakarimu na viongozi wanaosafiri sana. Wananchi wenyewe hawana nauli, kwa hiyo kazi yote ya kusafiri imewaangukia viongozi, na hajasikika hata mmoja akilalamika.

Katika mji mkuu wa nchi hiyo, ng'ambo ya barabara kutoka Chuo cha Ualimu cha Taifa, aliishi Sihaba na mama yake, Bi Mwanaheri, muuza chapati. Polio ilimpooza Sihaba miguu angali mtoto wa kutambaa, basi akakua akiendesha maisha kwa mikono. Alikuwa na baiskeli ya matairi matatu ya kuzungusha kwa mikono, ulimi mwepesi, na baraza. Barazani hapo alifundisha watoto walioshindikana shuleni, pamoja na wale ambao shule ndiyo iliyowashinda, kama Ruzuna, binti wa magongo, aliyerudishwa nyumbani kwa sababu mlango wa darasa ulikuwa juu ya kizingiti kirefu na mwalimu mkuu hakutaka kumchosha. Walikuja hawajui a wala be, wakaondoka wanasoma gazeti lote mpaka matangazo ya vifo. Wazazi walimlipa unga, kuni na sifa. Sihaba aliipenda kazi ile kupita kiasi, na siku za mapumziko alikuwa hakaliki.

Ndipo Waziri wa Elimu, Maarifa na Mambo Yanayofanana na Hayo, Mheshimiwa Ngurumo, akazindua Sheria ya Kila Mwalimu na Cheti. Ilikuwa na vifungu viwili tu. Cha kwanza kilisema kwamba ifikapo mwisho wa mwaka unaofuata, mtu yeyote atakayeonekana akifundisha bila cheti atafungiwa, awe darasani, barazani au chini ya mti. Cha pili kilisema kwamba darasa la mwalimu mwenye cheti lisikatizwe na mtu yeyote, awe polisi, fundi au kiongozi, mpaka mwalimu mwenyewe atamke kwamba somo limekwisha. Kifungu cha pili kilipigiwa makofi mengi zaidi, kwa sababu hakikumgusa mtu.

Sihaba aliisikia sheria ile redioni, akatazama baraza lake. Cheti kilikuwa kinatolewa palepale ng'ambo. Asubuhi upepo ukivuma vizuri aliweza kuwasikia wahadhiri wakikohoa. Ukutani pa chuo pameandikwa kwa herufi kubwa kwamba elimu ni kwa wote, na chini ya maandishi hayo zinaanza ngazi. Mtu anapanda ngazi za kuingilia, halafu za ghorofa ya kwanza, ya pili, mpaka ya tatu yalipo madarasa. Ghorofa ya chini yote ni ukumbi wa kupumzikia wageni rasmi. Aliwahi kumuuliza mlinzi kama kuna ofisi inayosikiliza watu wasioweza kupanda.

"Ipo, dada," mlinzi akamjibu kwa adabu. "Ipo ghorofa ya nne. Wewe panda tu, mlango wao huwa haufungwi."

*

Sihaba akageukia simu. Siku hizo Shangweni ilikuwa imejaa vyuo vya mtandaoni, kila kimoja na picha ya kijana anayecheka akitazama kompyuta. Akaanza na Chuo cha Anga za Maarifa, ambacho tangazo lake liliahidi kuwajali wenye mahitaji maalumu. Mama yake alikuwa anasukuma chapati pembeni, naye akamsomea jibu walilomtumia.

"Wanasema kwa kuwa mahitaji yangu ni maalumu, wameniwekea na ada maalumu."

"Wamepunguza?"

"Wameongeza. Wanasema wengine wanalipa ya kawaida kwa sababu wao ni wa kawaida."

Bi Mwanaheri akaugeuza mchi wa kusukumia, akausukuma kwa nguvu kuliko donge lilivyohitaji. "Na hiyo ada ni kiasi gani?"

"Nikiuza baiskeli, na sufuria zako, na nyumba."

"Halafu utasomea wapi?"

"Mtandaoni, mama. Huko hakuna kodi."

Kilichofuata kilikuwa chuo cha bure kabisa, kilichofadhiliwa na watu wema wa nje na kusimamiwa na watu wazalendo wa ndani. Kila somo lilianza kwa wimbo wa taifa, na kila mwanafunzi alitakiwa kusimama mbele ya kamera ya simu yake mpaka wimbo uishe. Mashine ilipima urefu. Sihaba akaketi kwa heshima zote, mkono kifuani, akaimba mpaka ubeti wa mwisho ambao hata mawaziri huumumunya. Mashine ikaandika kwamba mwanafunzi hajasimama, kwa hiyo hajahudhuria. Akaeleza kwa maandishi. Akajibiwa kwamba maelezo yake yamepokelewa na kwamba ayatoe akiwa amesimama. Baada ya majuma machache akafutwa chuoni kwa kutoiheshimu bendera, na ujumbe wa mwisho ukamtakia kila la heri katika hatua zake za mbele.

Ikabaki njia moja. Chuo cha Taifa chenyewe, kile cha ng'ambo, kilikuwa na Idara ya Elimu ya Masafa, ambapo mwanafunzi hutumiwa masomo nyumbani, na ada yake hata muuza chapati angeimudu. Sihaba hakuamini macho yake. Akavaa gauni lake la Idi, akavuka barabara.

*

Msajili wa idara hiyo alikuwa Bwana Ladislaus, mtu mpole mwenye tai. Wasioweza kupanda ngazi aliwahudumia kwa kusimama roshanini na kupaza sauti, na huduma hiyo aliiita Dirisha la Huruma.

"Shikamoo, Bwana Msajili!" Sihaba akaita kutoka chini.

"Marahaba! Sema shida yako, binti, koo hili si mali ya serikali!"

"Nataka kujiunga na elimu ya masafa, cheti cha ualimu!"

"Vizuri sana! Unatoka wapi?"

Sihaba akanyoosha kidole nyuma yake. "Pale, nyumba yenye mlango wa buluu!"

Bwana Ladislaus akajikinga jua kwa kiganja. "Ile yenye kanga zilizoanikwa?"

"Hiyohiyo!"

"Binti, ile mbona naiona?"

"Naam, inaonekana!"

"Sasa ni mbali gani huko ninakokuona na macho yangu haya?"

Akamfafanulia sheria, na kwa haki ni lazima niseme alifafanua bila kiburi. Elimu ya masafa ilikuwa rahisi kwa sababu serikali iliwahurumia walio mbali. Walio karibu hawakuhitaji kuhurumiwa, waliweza kuingia. Na mbali ni wapi? Mbali, kwa mujibu wa kanuni, ni mahali ambapo afisa akitumwa hawezi kurudi siku hiyohiyo, bali hulazimika kulala njiani na kulipwa posho ya kulala nje. Mahali afisa asipolalia, hapo ni karibu.

"Lakini siwezi kuingia, Bwana Msajili! Kuna ngazi!"

"Ngazi si masafa, binti!" Akanyoosha mkono ubavuni, usawa wa bega. "Masafa yanakwenda hivi!" Kisha akaupandisha juu. "Ngazi zinakwenda hivi! Sheria inazungumzia hivi, haizungumzii hivi!"

Sihaba akarudi nyumbani. Alilia sana siku hiyo. Alilia kwa sababu aliyemnyima hakuwa hata mtu mbaya, na mtu asiye mbaya hujui utamtukana vipi. Bi Mwanaheri alimwacha alie, akampa chai, kisha akakaa mbele yake na mikono yake ya unga.

"Mwanangu, mimi nimewauzia chapati wale watu miaka yote hii. Umewahi kuwasikia wakiongea habari ya haki?"

"Sijawahi."

"Habari ya wanafunzi?"

"Hata siku moja."

"Wakikaa hapa wakanywa chai, wanaongea nini?"

Sihaba akafuta machozi kwa ncha ya kanga. "Posho," akasema. "Safari na posho."

Wakatazamana mama na mwana, na kwa mara ya kwanza tangu sheria ile izinduliwe, Sihaba akacheka.

*

Kesho yake alikuwa tena chini ya roshani.

"Leo sikuja kubishana, Bwana Msajili! Naomba tu mnitumie mkaguzi, aje athibitishe kwamba kwetu ni karibu!"

"Athibitishe nini, binti, na mimi napaona?"

"Mkaguzi akija, atalipwa posho?"

"Alipwe kwa kuvuka barabara? Sisi si wezi!"

"Na kama kwetu kungekuwa mbali?"

Bwana Ladislaus alitazama mlango wa buluu, akatazama kanga, akatazama tena mlango. Kisha akafanya jambo ambalo mlinzi alikuwa hajapata kuliona. Alishuka ngazi zote mwenyewe, akainama kwenye usukani wa baiskeli, akasema kwa sauti ndogo, "Hebu sema tena, polepole."

Haukupita muda mrefu ikaundwa Kamati ya Taifa ya Kutafsiri Umbali. Ilikaa juma zima katika hoteli ya mlimani, kwa sababu mambo ya umbali hayajadiliwi karibu, na ikaja na matokeo yasiyo na shaka. Nyumba ya Sihaba ilikuwa Eneo la Mbali na Gumu Kufikika. Ushahidi ulikuwa wa kihistoria: tangu nchi ipate uhuru hakuna afisa hata mmoja aliyewahi kufika pale kikazi. Pangekuwa karibu, wangeshafika.

Mheshimiwa Ngurumo alikuja mwenyewe kulizindua Eneo. Msafara ulikuwa mrefu kuliko safari. Gari la kwanza liliposimama mlangoni kwa Sihaba, la mwisho lilikuwa bado halijatoka getini pa chuo, na wale waliokuwa katikati walifungua vioo wakanunua karanga. Mheshimiwa alishuka na kofia ya pama na chupa ya maji, akajifuta jasho, akahutubia.

"Ndugu zangu wa pembezoni! Nimekuja. Wengi walinishauri nisije. Waliniambia, Mheshimiwa, barabara ni mbaya, wenyeji hatujui watakupokeaje. Nikawaambia hapana! Nitakwenda, nitalala huko, ikibidi nitakula wanachokula!"

Akapewa chapati, akala, wapiga picha wakampiga picha akitafuna. Sasa Shangweni ina desturi kwamba kiongozi akikutana na mtu mwenye ulemavu, lazima aonje maisha yake kidogo. Kwa kipofu hufumba macho mpaka picha ipigwe. Kwa hiyo Mheshimiwa akaomba baiskeli ya Sihaba. Sihaba akashushwa mkekani, Mheshimiwa akapandishwa kitini.

"Mheshimiwa, hiyo inavutia kulia kidogo," Sihaba akamtahadharisha. "Na usizungushe kwa hasira."

"Binti, nimeendesha wizara," Mheshimiwa akajibu, akazungusha.

Taarifa ya serikali ilieleza baadaye kwamba Mheshimiwa hakuanguka, bali aliikagua ardhi ya Eneo kwa karibu sana, na kwamba goti lake lilishiriki ukaguzi huo. Alipelekwa nje ya nchi kutibiwa. Baiskeli ilipinda usukani, na fundi wa mtaani akaunyoosha kwa nyundo. Lakini Sihaba alikuwa amesajiliwa, na jioni ile mama yake alimkaangia kuku.

*

Masomo yakaanza kuja, na hapo ndipo Sihaba alipojua ugumu wa kuishi mbali.

Masomo yaliletwa na mjumbe wa chuo, Kaka Anzuruni, akiwa na mkoba mgongoni. Kanuni zilimtaka alale njiani mara tatu kabla hajafika. Kati ya chuo na nyumba ya Sihaba kulikuwa na gesti moja, ukuta kwa ukuta na baraza lake, basi Kaka Anzuruni alipanga humo, akautundika mkoba kwenye msumari, akakaa kusubiri safari iishe. Kutoka barazani Sihaba aliuona mkoba vizuri, hata bahasha yake iliyochungulia juu.

"Kaka, lile si somo langu?"

"Ndilo, dada. Malezi na Saikolojia ya Mtoto."

"Nyoosha mkono basi, unipe."

"Nikikupa nitakuwa nimefika." Kaka Anzuruni alisema hivyo kwa uchungu kweli. "Na nikifika leo, kesho na keshokutwa nazidai vipi? Nina watoto watatu shuleni, dada yangu. Nisamehe."

Hasira zikampanda Sihaba mpaka masikioni, kisha zikashuka zenyewe, maana mtu mwenye watoto shuleni humgombezaje? Akafikiri kidogo. "Kanuni zinakukataza kusoma kwa sauti ukiwa safarini?"

Kaka Anzuruni akakuna kichwa. Hazikumkataza. Akaishusha bahasha, akasafisha koo, akasoma kuanzia ukurasa wa kwanza, Sihaba akiandika na watoto wa barazani wakisikiliza midomo wazi. Mkoba ulipofika rasmi, somo lilikuwa limeshaeleweka, na Kaka Anzuruni mwenyewe alikuwa ameacha kuwachapa wanawe. Hivyo ndivyo alivyosoma muhula baada ya muhula.

Shida ilikuwa wageni. Habari za Eneo zilienea, na wizara zote zikagundua kwamba zilikuwa zimewasahau wananchi wa pembezoni. Wakaja wa Afya kuchunguza magonjwa ya kule mbali, wakakuta mafua, ambayo walikuja nayo. Wakaja wa Maji wakapiga picha bomba. Wakaja wa Utamaduni wakamuuliza Bi Mwanaheri kabila la huku linaoana vipi. Wote walihitaji baraza kwa semina, na kwenye semina moja juu ya umuhimu wa kuwasogezea watoto madarasa, watoto walihamishiwa jikoni ili kupisha watoa mada. Sihaba aliwafundishia huko kwenye moshi, wakikohoa, huku sauti kutoka barazani ikisema kwamba mtoto wa pembezoni anahitaji hewa safi. Kuna siku alitamani arudi kuwa karibu.

Alivumilia. Mwaka ulikuwa unayoyoma, na kila jioni Ruzuna alimuuliza swali lilelile. "Mwalimu, baraza litafungwa?"

"Halitafungwa."

"Umeapa?"

"Nimesema, Ruzuna. Soma."

Msimamizi wa mtihani alikuja, akalala chumba cha mbele kwa mujibu wa kanuni, na akakoroma mtihani wote. Sihaba akafaulu. Alama zake zilikuwa za juu kiasi kwamba timu maalumu ilitumwa kuzihakiki, nayo ilipolala vya kutosha ikaridhika.

Ikabaki cheti. Hapo kanuni haikuwa na mzaha: cheti hupokelewa kwa mkono wa mhitimu mwenyewe, chuoni, siku ya mahafali, na asiyefika husubiri mahafali ya mwaka mwingine. Mahafali yalipangwa siku moja kabla ya sheria kuanza kufanya kazi. Asipopanda ngazi zile siku hiyo, kesho yake baraza lingepigwa kufuli mbele ya watoto. Sihaba alisoma barua, akaikunja, akashika tama. Alikuwa amezunguka nchi nzima akiwa amekaa palepale, na sasa amerudishwa chini ya ngazi zilezile.

*

Aliyemwokoa ni goti la Mheshimiwa.

Mheshimiwa Ngurumo alirejea kutoka matibabuni asubuhi ya mahafali, akitembelea fimbo, na madaktari walikuwa wamemkataza ngazi. Ikumbukwe kwamba kwa miaka yote chuo kilieleza kuwa hakina fungu la kujenga njia ya mteremko kwa ajili ya watu wenye ulemavu, na kwamba kitaalamu jambo hilo haliwezekani kwenye jengo lile. Kati ya asubuhi na adhuhuri fungu lilipatikana, mbao zikapatikana, utaalamu ukapatikana. Mafundi wakagongomea njia pana, imara, iliyoinuka polepole kutoka barabarani hadi kizingitini, ikatandikwa zulia jekundu. Mahafali nayo yakahamishiwa ukumbi wa chini.

Sihaba aliitazama njia ile ikikua ubao mmoja mmoja. Gari la Mheshimiwa lilipofika, akavuka barabara, akajipanga nyuma ya fimbo.

"Dada, hii ni ya Mheshimiwa," mlinzi akanong'ona.

"Si ndiyo maana nimemfuata?" Sihaba akamjibu, akazungusha mikono, akapanda. Ilimchukua muda wa kumenya karanga kiganja kimoja.

Ukumbini jina lake liliitwa, naye akasogea mbele. Bwana Ladislaus, aliyeshika vyeti, alipomwona macho yakamtoka pima. Alikuwa amesahau kabisa kwamba mwanafunzi huyu anaweza kuja. Na kwenye safu ya kwanza aliketi Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, mzee mstaarabu ambaye alialikwa kwa ajili ya chakula tu, lakini bahati mbaya alikuwa hajasinzia.

"Huyu ndiye wa lile Eneo la Mbali?" mzee akauliza, bila ubaya wowote. "Mbona nimemwona sasa hivi akivuka barabara?"

Mle ndani mlikuwa na Afya, Maji, Utamaduni, Kamati nzima ya Umbali, na hapakuwa na mtu ambaye hakuwahi kulipwa kwa kulala njiani kwenda kwa Sihaba. Kama yeye amekuja bila kulala, basi wao nao walilala wapi? Na Sihaba aliona upande wa pili wa jambo hilo. Kama hakulala njiani, yuko karibu, na kama yuko karibu hajawahi kuwa mwanafunzi wa masafa, na cheti kile si chake. Lakini kudanganya hakutaka. Asubuhi aliwaambia watoto kwamba mwalimu hadanganyi.

Mheshimiwa Ngurumo akaegemea fimbo. "Binti," akasema, na sauti yake ya ngurumo ilikuwa imebaki manyunyu, "hebu waeleze. Kutoka kwenu mpaka hapa... ulilala njiani?"

Sihaba alitazama mlango wa ukumbi. Nje yake aliziona ngazi, na ng'ambo alimwona mama yake amesimama na watoto, Ruzuna mbele yao akiwa ameegemea magongo.

"Mheshimiwa," akasema, "mimi safari ya kuja hapa niliianza mwaka jana. Niliwaona mkipita, mkienda na kurudi, wengine mara mbili mbili. Mimi nilikuwa bado niko njiani. Nimelala njiani kila usiku mpaka leo."

Hapakuwa na neno la uongo ndani yake. Mkaguzi Mkuu aliinamisha kichwa kwa muda mrefu, na wale waliokuwa karibu walidhani amesinzia. Alipokiinua, alisema tu, "Basi kweli ni mbali." Ukumbi ukalipuka kwa makofi, Afya wakakumbatiana na Maji, na Bwana Ladislaus akakabidhi cheti kwa mikono miwili, jasho likimdondoka kwenye tai. Ng'ambo ya barabara Bi Mwanaheri, ambaye hakuwa amesikia hata neno moja, alipiga vigelegele mpaka magari yakasimama.

*

Kesho yake asubuhi wakaja mafundi na nyundo. Goti la Mheshimiwa lilikuwa limepona ghafla usiku baada ya chakula cha mahafali, na Kamati ya Umbali ilikuwa imetoa tahadhari kwamba njia ile, ikiachwa, itahatarisha Eneo, maana gumu kufikika lazima lilindwe lisije likafikika.

Wakakuta njia haina nafasi ya kushika nyundo. Watoto wote wa barazani walikuwa wamekaa juu ya zulia jekundu, kuanzia barabarani hadi juu. Sihaba alikuwa katikati, kwenye baiskeli yake, breki imefungwa kwa kamba, ubao mweusi umeegemezwa kwenye tairi. Cheti kilikuwa kifuani, kimefungwa kwa utepe.

"Mwalimu, samahani," msimamizi wa mafundi akasema. "Tumetumwa tubomoe."

"Karibuni. Nikimaliza somo mtabomoa."

Bwana Ladislaus akatokea roshanini. "Sihaba! Ondoa watoto hapo!"

"Bwana Msajili, kifungu cha pili!"

Bwana Ladislaus alifungua kinywa, akakumbuka kifungu cha pili, akakumbuka alivyokipigia makofi, akakifunga kinywa. Alishika ukuta wa roshani kwa mikono yote. "Basi tuambie somo litaisha saa ngapi!"

Sihaba aligeuka akatazama darasa lake. Juu kabisa, mgongo ukiwa umeegemea mlango wa Chuo cha Ualimu cha Taifa, Ruzuna alikuwa ameweka magongo chini na kushika daftari tayari.

"Ndiyo kwanza tuko kwenye a!" akajibu.

Mafundi wakashusha nyundo, wakaenda kupanga gesti, kwa kuwa walikuwa wametumwa na hawakuwa wamefika. Wapo huko mpaka sasa. Wanakunywa chai kwa Bi Mwanaheri, na posho zao zinaingia bila matatizo. Tangu siku hiyo watu wamekuwa wakipita pembeni ya darasa kwenda juu, wazee wa mikongojo, mama mwenye mapacha, kijana mmoja asiyeona anayehesabu mbao kwa fimbo, kila mmoja akiomba radhi kwa mwalimu kwa kupita. Somo lenyewe, mpaka naandika haya, halijakwisha.